Kizazi Moto na Lugha ya Kesho

Ni dai la zamani kwamba hadithi za kubuni za sayansi si mali yetu, kwa kuwa mitambo isimuliwayo humo haikuundwa kwetu. Mfululizo wa televisheni uitwao Kizazi Moto, uliotolewa na Disney mwezi Julai 2023, umelijibu dai hilo vizuri kuliko hotuba. Ni sinema fupi kumi za katuni, kila moja ikisimama peke yake, zilizotungwa na wasanii wa Afrika Kusini, Zimbabwe, Uganda, Kenya, Nigeria na Misri, chini ya uongozi wa studio ya Triggerfish ya Cape Town.

Tuanze na jina. Huenda msomaji akadhani kuwa ingefaa "Kizazi cha Moto". Lakini twasema "maji moto", neno la pili likieleza hali ya lile la kwanza bila kiunganishi. Na huku kwetu Mara, Maji Moto ya wilaya ya Serengeti haikumngoja mwalimu wa sarufi. Kizazi moto ni kizazi ambacho joto limo ndani yake chenyewe. Jina ni sahihi.

Cha kusifiwa zaidi ni jinsi watungaji walivyoitafuta kesho ndani ya jana. Katika "Enkai" ya Ng'endo Mukii wa Kenya, mungu mdogo wa kike amwona mamaye akihangaika kuinusuru dunia, naye ajifunza mipaka ya uwezo wake mwenyewe. Neno hilo la Kimaasai lina maana ya Mungu na pia ya mvua, na kiambishi chake cha mwanzo ni cha jinsia ya kike. Kiswahili hakina tofauti hiyo. Basi lile lililofichwa katika sarufi limekuwa mama mwenye mwana na majukumu. Mzee wa Nyamuswa hatastaajabu, maana Waikizu husimulia habari za Nyakinywa, mwanamke mwenye mvua aliyetoka Kanadi akawa mtemi. Hadithi zote mbili zauliza jambo moja: mwenye uwezo ana wajibu gani kwa wale wanaomtegemea?

Naye Raymond Malinga wa Uganda, katika "Herderboy", atupeleka kando ya ufalme wa Wachwezi, ambako wachungaji walioungwa miili yao na mitambo hulinda ng'ombe dhidi ya viumbe wa kuzimu. Mtunzi mvivu angalijaza magari yarukayo juu ya majumba ya vioo, akaiita hiyo kesho. Malinga aliuliza kwanza: watu wanaomthamini ng'ombe kuliko vyote wangebuni mtambo gani? Hapo ndipo penye akili ya kazi hii.

Hata hivyo, iko kasoro isiyofaa kunyamaziwa. Jina la mfululizo ni la Kiswahili, na hata sinema moja ya Afrika Kusini imeitwa "Hatima". Lakini mazungumzo, kwa sehemu kubwa, ni ya Kiingereza. Kiswahili kimeandikwa mlangoni, ndani hakikupewa kiti. Wala isisemwe kuwa lugha haina maneno. Katama Mkangi, katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995, alimpandisha Dzombo katika chombo cha angani na kumfikisha nchi nyingine, na Kiswahili hakikuishiwa pumzi njiani. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990. Istilahi zipo, zilichokosa ni mhusika wa kuzitamka akiwa katika hatari, ili mtoto azikumbuke.

Maana mtoto aonaye mashujaa wa kesho wakisema lugha moja tu hufunzwa, bila kuambiwa, kwamba lugha yake ni ya jana. Sinema hizi zimempa mtoto huyo mvua, ng'ombe na mizimu yake katika dunia ya mitambo. Bado hazijampa ulimi. Kazi hiyo yawangoja waandishi na watafsiri wetu, nao wasingoje kualikwa.