Nguvu ya Jino Lililojazwa

Hapa Uvira gego likiuma siku tatu mfululizo, neno la kwanza ni kung'oa. Simlaumu anayeamua hivyo. Kung'oa ni safari moja tu, na chanzo cha maumivu huondoka siku hiyo hiyo. Ila leo nataka kumsifu daktari wa meno anayeshika njia ndefu: huliacha gego mahali pake, akatoa kilichooza ndani ya mizizi na kuijaza upya.

Mtazame kwa karibu. Baada ya ganzi hutoboa tundu juu ya jino, kisha huingiza faili, kisindano cha chuma kinachokwangua kuta za mfereji wa mzizi. Zile anazoanza nazo huwa na ncha ya milimita 0.10 au 0.15. Hupima urefu, huosha kwa dawa ya jamii ya maji ya javeli, hukwangua tena, huosha tena, hukausha kwa vijiti vya karatasi. Ndipo huchukua kijiti cha gutapacha, akakisukuma hadi karibu na ncha ya mzizi, halafu akakivuta polepole. Kikigoma kidogo kutoka, anajua kimekaa. Mgomo huo mdogo husikika vidoleni tu, na mimi huuhusudu kuliko mashine zote za chumba kile.

Gutapacha ni utomvu wa miti ya Malesia na visiwa vya jirani. Ndio uliofunika nyaya za telegrafu za baharini, ikiwemo ile iliyofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, kwa kuwa maji hayapenyi. Saruji inayoziba mianya pembeni yake, kwa miaka mingi, imekuwa oksidi ya zinki iliyokorogwa na yujenoli, kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu.

Je, jino likishajazwa hivyo litakuwa gumu kama zamani? Gutapacha ni laini mno. Dentini, ile sehemu ngumu inayojenga mzizi, huipita kwa ukakamavu zaidi ya mara 100. Gutapacha haiwezi kuzuia mzizi usipasuke. Mnamo 2004 kilitokea kijazio cha plastiki, Resilon, kikiahidi kushikamana na dentini mpaka viwe kitu kimoja. Majaribio ya mwanzo yalitia moyo, yaliyofuata yakapingana nayo. Saruji za kalsiamu silikati, zilizofuata nyayo za saruji ya MTA ya daktari Mahmoud Torabinejad wa Loma Linda, California, miaka ya 1990, zinanipa matumaini zaidi, hasa kwa meno ya watoto ambayo kuta za mizizi bado ni nyembamba. Hata hizo hazirudishi dentini iliyokwisha kukwanguliwa. Kalafati wa bandari ya Kalundu anajua kwamba pamba anayoipigilia kwenye boti huzuia maji, lakini wimbi la Ziwa Tanganyika hupokelewa na mbao.

Kwa hiyo ustadi ninaousifu zaidi ni wa kuacha. Daktari mwenye pupa hupanua mfereji kupita haja, na kila anachokwangua ni ukuta uliokuwa ubebe mzigo wa kutafuna. Akikandamiza gutapacha kwa nguvu, ufa huweza kuanzia hapo. Akiloweka mzizi kwa dawa kali ya kuoshea, au akiacha hidroksidi ya kalsiamu ndani kwa miezi mingi, dentini hudhoofika. Mzizi ukishapasuka kwa urefu, mara nyingi dawa yake ni kung'oa, na kazi yote imepotea. Mwenye subira hukwangua panapohitaji tu, hukandamiza kwa kipimo, na hujua wapi pa kuishia.

Gego lililotibiwa hivi linahitaji kofia ya kulifunika, inayokumbatia milimita 2 hivi za jino zima juu ya ufizi. Wengi wakishapona maumivu hawarudi. Ndugu msomaji, rudi ukavikwe kofia hiyo. Na kabla ya hapo, muwa wa Kiliba umenye kwa kisu na uutafune upande wa pili.