Kipimo cha Upepo

Mwaka 1888 mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo. Alikuwa amelibuni kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe, na baiskeli hiyo ilikuwa na magurudumu matatu. Leo, huko Kanada na Marekani, wapo mafundi ambao bado wanaumiza kichwa kwa mpira, upepo na magurudumu matatu. Wao hufunga matairi ya gari dogo kwenye pikipiki, na kazi yao inastahili sifa kuliko inavyopewa.

Pikipiki yenyewe ni Can-Am Spyder, inayotoka kampuni ya BRP ya Valcourt, Quebec, na ilitangazwa mwaka 2007. Ni kama bajaji iliyogeuzwa: magurudumu mawili yako mbele na moja nyuma, nalo la nyuma huzungushwa na mkanda. Kwenye kona hailali. Pikipiki ya kawaida hulala, ndiyo maana tairi lake lina uso wa mviringo, ili likiinama bado lishike lami. Spyder hukata kona ikiwa imesimama, kwa hiyo inahitaji tairi lenye uso bapa. Kiwanda chenyewe kiliipa saizi za namna ya gari: 225/50R15 nyuma na, tangu mwaka 2013, 165/55R15 mbele. Kufunga tairi la gari kwenye pikipiki ya magurudumu mawili ni jambo la ubishi mkali, na wanaolipinga wana hoja nzito. Hapa umbo la chombo lenyewe linaliruhusu.

Fundi hodari hupiga hesabu kabla ya kushika spana. Namba 225/50R15 humwambia kuwa tairi lina upana wa milimita 225, ubavu wake ni nusu ya upana huo, na rimu ni ya inchi 15. Ukijumlisha, tairi zima lina kimo cha milimita 606 hivi. Waendeshaji wengi hupenda 205/60R15, lenye kimo cha milimita 627. Kwa tofauti hiyo ya milimita 21, kila mzunguko wa gurudumu hula barabara zaidi kwa asilimia 3 na kidogo, na injini hupunguza mizunguko kwa mwendo ule ule. Asiyetaka kugusa kimo cha kiwandani hutafuta 205/55R15, ambalo hupishana na la awali kwa nusu milimita tu. Mbele nako, 165/60R15 huliinua tairi hadi karibu na madigadi, na fundi makini hupima nafasi hiyo kabla mteja hajalipa.

Kisha huja upepo, na hapa ndipo fundi hasa hujulikana.

Tairi la gari lenye namba 91 ubavuni limeundwa kuweza kubeba hadi kilo 615. Spyder ya safari ndefu, ile RT, ina uzito wa kilo mia nne na kitu kabla ya kupandwa, na uzito huo hugawanywa kwa magurudumu matatu. Tairi la gari lililo chini yake lina nguvu nyingi kuliko mzigo. Ukilijaza psi 32 kama la gari, litavimba katikati, litarukaruka kwenye lami mbovu na kuota kipara mstari wa kati huku mabega yakiwa bado mapya. Tairi la kiwandani la nyuma huwekwa psi 28, ilhali waliofunga la gari wengi wao hushuka hadi 18 au 20. Kwa aliyezoea gereji za kando ya barabara, namba hizo zinatisha. Fundi hazikubali kwa kusikia tu. Huchora mstari wa chaki kukatiza uso wa tairi, husukuma chombo mwendo mfupi ulionyooka, kisha hukagua. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika mabegani tu, umepungua. Ikifutika sawasawa, ameshapata kipimo, na hakikupatikana kwa mashine ya bei kubwa.

Kulitoa gurudumu la nyuma nako kunataka mkono mtulivu. Ekseli hulegezwa bila kuchezea boliti za kunyoosha gurudumu, vinginevyo mkanda utarudi ukiwa umekwenda upande. Halafu kuna balansi: gurudumu hilo halikai vizuri kwenye mashine nyingi za magari, kwa kuwa tundu lake la kati limetengenezwa kwa ekseli ya pikipiki. Wanaojua kazi huwa na kifaa cha kulishikilia, na hawambandikii mteja vipande vya uzito kwa kubahatisha.

Ni haki pia kusema kwamba mwongozo wa BRP unataka matairi yaliyopendekezwa na kampuni pekee. Anayeamua vinginevyo anabeba dhamana, na fundi mwaminifu humwambia hivyo mapema. Humwonyesha pia tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mwenye bajaji, guta au chombo chochote cha magurudumu matatu, ukitaka kubadilisha aina ya tairi, mtafute fundi anayeuliza kwanza uzito wa chombo na mzigo wake ndipo avute mpira wa kompresa. Ukimpata, mlipe anachostahili bila kumpunja.