Hoja na Hadithi katika "Kusadikika"

Wenye elimu wameulizana tangu zamani: je, mtu huipata kweli kwa kupanga hoja, au kwa kuwaza mambo ambayo jicho halijayaona? Twapenda kulitazama jambo hili katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, kilichopigwa chapa mwaka 1951.

Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria. Baraza la hukumu ni mahali pa hoja. Lakini kwa siku sita Karama hatoi ila hadithi za wajumbe sita, waliotumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakarudi na mema, wakatiwa kifungoni. Msomaji mkali atasema kwamba huko ni kuikimbia kesi, tena hadithi zenyewe zafanana mno.

Sisi twaona kwamba kufanana huko ndiko hoja yenyewe. Akidhulumiwa mjumbe mmoja, yaweza kuwa bahati mbaya. Wakidhulumiwa sita, ni desturi ya nchi. Mawazo yameleta mashahidi, na akili imewahesabu. Wala majina hayakutiwa ovyo: mjumbe mmoja aitwa Buruhani, maana yake uthibitisho.

Wako walioshuku hoja zaidi ya Karama. Hakuin, mwalimu wa Zen huko Japani katika karne ya 18, aliwauliza wanafunzi wake mkono mmoja hutoa mlio gani, ili akili iliyozoea kupanga hoja ikwame, na kweli ionekane pasipo hoja.

Kitendawili kitegwacho barazani Ngamiani chaanza vivyo hivyo, lakini hakiishii hapo. "Nyumba yangu haina mlango." Mwenye kukagua nyumba mojamoja hafiki, mwenye kuliona yai amefika kwa mruko mmoja. Hata hivyo, akiisha kujibu, wote hulipima jibu lake. Lisipolingana hukataliwa, na mtegaji hudai mji.

Karama ni wa shule ya kitendawili, si ya Hakuin. Hata jina la nchi yake lashuhudia: kusadiki ni kukubali kuwa ni kweli, na kiishio -ika chaonyesha jambo liwezalo kutendeka. Nchi inayoning'inia hewani haionekani, lakini yasadikika, kwa maana msomaji aweza kuipima kwa nchi aijuayo.

Kasoro ipo. Kila mwandishi anaposimamisha hadithi ili ahubiri, twapewa jibu kabla ya kutegwa, na nguvu yapungua.

Jambo hili lawagusa walimu. Mtoto akaririshwaye majibu ya vitendawili amenyimwa mruko. Na asimuliwaye hadithi asiulizwe yathibitisha nini, amenyimwa kipimo. Karama alikuwa na vyote viwili, na kwa hivyo aliachwa huru, yeye na wajumbe waliokuwa kifungoni.