Miguu ya Viti na Lesi ya Buckinghamshire

Kusini mwa kaunti ya Buckinghamshire, si mbali na London, vilima vya Chiltern vimejaa misitu ya mti uitwao beech. Kati ya vita kuu mbili za dunia, mafundi wachache walikuwa bado wakikereza miguu ya viti humo humo msituni. Kienyeji fundi wa namna hii aliitwa bodger, na aliyesifika kuliko wengi ni Samuel Rockall wa Summer Heath. Viti vyenyewe, vile vya mtindo wa Windsor, viliungwa katika viwanda vya mji wa High Wycombe. Fundi aliufuata mti mahali uliposimama kwa sababu ya hesabu rahisi: gogo zima ni zito kulitoa msituni, bali miguu iliyokwisha kukerezwa hubebeka.

Mti ulipoangushwa, ulikatwa kwa msumeno vipande virefu kidogo kuliko mguu wa kiti. Kutoka hapo msumeno uliwekwa kando. Fundi alisimamisha kipande, akakitia kabari katikati, akaipiga kwa nyundo nzito ya mti mpaka kikapasuka. Kupasua kuna faida ambayo msumeno hauna. Msumeno hukata nyuzi za mti popote unapopita, lakini kabari huachanisha nyuzi bila kuzikatiza, hivyo kila mguu unabaki na nyuzi zinazokwenda kutoka juu hadi chini. Ndiyo maana mguu mwembamba uliweza kuhimili uzito wa mtu kwa miaka mingi.

Kisha likaja shoka fupi lenye makali yaliyonolewa upande mmoja tu. Kipande kilisimamishwa juu ya kigogo, mkono mmoja ukikizungusha na mwingine ukichonga, mpaka pembe zikapungua. Baada ya shoka, fundi aliketi kwenye benchi lenye kibano kinachokazwa kwa mguu. Akisukuma kwa mguu, kipande kinabanwa, akilegeza, kinageuzwa. Kwa kisu cha mikono miwili alivuta kuelekea kifuani, na maranda marefu yakadondoka. Kazi ya mkereza bora ilianza kuonekana hapa, kwa kuwa kadiri kipande kilivyokaribia umbo lake, ndivyo kerezo lilivyobakiwa na kazi ndogo.

Kerezo lenyewe halikuwa na gurudumu wala injini. Lilikuwa na nguzo mbili za kushikilia mti, kanyagio chini, na juu ufito mrefu unaonepa. Kamba ilitoka kwenye ncha ya ufito, ikauzunguka mguu unaokerezwa, ikafungwa kwenye kanyagio. Fundi akikanyaga, mti huzunguka kumwelekea, na patasi hukata. Akiinua mguu, ufito hujinyoosha na kuvuta kamba, na mti huzunguka kinyume. Wakati huo patasi lazima iondolewe kidogo tu, kiasi cha kutogusa. Kukata, kuachia, kukata, kuachia. Mikono na mguu vilipatana kiasi kwamba jicho halikuweza kuona mahali patasi ilipoinuliwa. Matuta na mifereji ya mapambo ilitokea bila kupimwa kwa rula, na mguu wa mwisho ulifanana na wa kwanza.

Mti ulikerezwa ukiwa mbichi, kwa sababu ubichi huulainisha. Baadaye miguu ilipangwa kwa kupishana ili upepo upite, ikaachwa ikauke. Iliuzwa kwa mafungu: miguu 144 pamoja na mbao za kuunganishia 108, maana kila kiti kilihitaji miguu minne na mbao tatu za kuiunganisha. Fungu moja lilitosha viti 36. Kwa kuwa malipo yalihesabiwa kwa fungu, fundi hakufanya kazi polepole. Subira yake ilikuwa kutoruka hatua.

Wanawake wa kaunti hiyo walikuwa na kazi yao, yenye subira ya aina hiyo hiyo: lesi ya mkono, hasa upande wa kaskazini kuzunguka mji wa Olney. Mto mgumu ulioshindiliwa majani makavu uliwekwa mbele ya mfumaji. Juu yake akabandika kipande cha ngozi kilichotobolewa vishimo, na kila kishimo ni mahali pa pini. Nyuzi zilizungushwa kwenye vijiti vyembamba vya mti au mfupa, na mwisho wa kila kijiti ukavishwa shanga za kioo ili uzito wake ukaze uzi.

Mishono ya lesi hii, hata ile migumu, huundwa kwa mienendo miwili tu: kupitisha kijiti kimoja juu ya kingine katikati, na kusokota jozi. Baada ya mienendo hiyo pini huchomwa kwenye kishimo chake ili kushikilia uzi, kisha mkono hugeukia jozi inayofuata. Uzi mnene zaidi huzungushwa kando ya ua ili lionekane juu ya matundu madogo ya kimia. Kadiri kazi inavyosonga, pini za nyuma hung'olewa na kuchomwa mbele. Mfumaji mzoefu aliokota vijiti anavyovitaka katikati ya vingi, kwa kugusa, bila kuvihesabu.

Mashine za mji wa Nottingham zilitoa lesi ya bei nafuu, na kerezo za viwandani zilitoa miguu kwa wingi. Mafundi hawa walijua hayo, na bado hawakulegeza kiwango. Kabari ilifuata nyuzi hata kwenye mguu ambao mnunuzi asingeukagua, na pini ilichomwa kwenye kishimo chake hata pale ambapo pindo lingejificha ndani ya mkunjo wa nguo. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote. Heshima wanayostahili ni kuitazama kazi yao kwa makini yale yale waliyoifanyia.