Fenda Hukaguliwa kwa Ndani

Mwenye Subaru Impreza au Toyota Altezza akitia rimu za upana wa inchi 9 palipokuwa na za inchi 7, haipiti wiki tairi linaanza kusugua bati. Hesabu yake ni fupi. Inchi 2 ni milimita 51 hivi. Ofseti, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwa boliti, ikibaki ileile, nusu ya hizo inatokeza nje na nusu inaingia ndani, kwenye shokapu. Fundi anayekimbilia kupanua fenda kabla ya kuuliza ofseti anabahatisha, na gharama ni yako.

Kazi iliyo nyepesi ni kulaza mkunjo, ule ukingo wa bati ulioingia ndani ya fenda, unaochana tairi gari likizama shimoni. Fundi hufunga rola mahali pa gurudumu, hupasha bati moto ili rangi ilainike, kisha husukuma kidogo kidogo. Wengine hupitisha gongo kati ya tairi na fenda wakalisukuma gari mbele na nyuma. Ni rahisi, lakini gongo halijui umbo. Pitisha kidole ukingoni. Ukihisi mawimbi, au ukiona nyufa za rangi nyembamba kama unywele, kutu iko njiani.

Fenda ya mbele isikuumize kichwa. Imefungwa kwa boliti, ikiharibika unanunua nyingine.

Ya nyuma ndiyo inayomtenga fundi na mbabaishaji. Hiyo ni bodi yenyewe, na ukingoni yamekutana mabati mawili, la nje na la ndani, yaliyoshikanishwa kwa nukta za kuchomelea. Ukikata la nje upate nafasi, mshikamano huo umeondoka, na limebaki pengo la kupitisha maji na matope mpaka kwenye buti. Fundi hodari hulichana bati la ndani vipande vipande, huvikunja kuelekea juu mpaka viguse bati la nje, huchomelea, hupaka praima, kisha huziba kiungo chote kwa gundi ya bodi. Mbabaishaji hujaza povu, hupuliza rangi nyeusi juu yake, na ukilitazama gari kwa nje huoni kasoro. Kwa hiyo vua gurudumu, ingia na tochi. Fuata kiungo kutoka mwanzo hadi mwisho. Penye rangi nyeusi nzito kuliko kwingine, gusa kwa kucha; bati halibonyei.

Kwa nje, chukua sumaku ndogo uizungushie kitambaa isikwaruze, uitembeze juu ya uvimbe wa fenda. Puti kidogo ya kusawazisha haina ubaya, hata kazi bora huihitaji. Lakini sumaku ikidondoka, umbo unalolisifu ni la puti, na puti nene hupasuka barabara ikiwa mbovu.

Fenda za faiba zinazobandikwa juu zina kipimo chake. Akira Nakai wa Japani, mwanzilishi wa karakana ya RWB, hukata fenda za Porsche 911 kwa mkono wake na kuzifunika kwa nyingine pana. Watu wamegawanyika kuhusu kazi hiyo. Mimi si mpenzi wa riveti za kuonekana, ila naziheshimu kuliko puti iliyojificha, mradi zimepangwa kwa nafasi sawa na bati lililokatwa chini yake limepakwa rangi. Bati tupu chini ya faiba huliwa na kutu bila mwenye gari kujua, na huku pwani chumvi ya hewani huiharakisha.

Kuhusu umbo, tazama Audi Quattro ya 1980: fenda zimetuna waziwazi, lakini kila uvimbe una mstari wake na bodi inaupokea. Simama nyuma ya gari, chuchumaa, linganisha kushoto na kulia.

Mwisho paka chaki ukingo wa ndani, pakia watu watano, kata usukani hadi mwisho pande zote, kisha pita tuta. Chaki ikihamia kwenye tairi, kazi haijaisha.

Na malipo ya mwisho usiyatoe kwa gari uliloliona tu baada ya kupulizwa rangi. Mwambie fundi akuite mabati yakiwa bado wazi. Akikataa, chukua gari lako.