Utunzi na Kiu ya Ukamilifu

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, upungufu wa kazi iliyochapishwa hujadiliwa sana. Kazi iliyobaki sandukuni kwa sababu mtunzi wake hakuridhika nayo haina pa kujadiliwa, ingawa hasara yake kwa fasihi yaweza kuwa kubwa kuliko ile ya beti chache zilizopungua mizani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jadi ya ushairi, ambayo mara nyingi hulaumiwa kwa ukali wa sheria zake, ina dawa ya maradhi hayo.

Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na wapo waliozisoma kama kizingiti. Ilipotoka diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, mjadala ulipamba moto, na watetezi wa mashairi huru wakadai kwamba vina na mizani humfunga msanii. Dai hilo lina ukweli wake, ila limesahau jambo moja: mizani huhesabika. Mshororo wa utenzi ukitimia mizani nane, na kina kikakaa mahali pake, mtunzi anajua kuwa amefika. Sheria humwambia afanye nini, tena humwambia aache lini. Ukamilifu hauna hesabu ya namna hiyo. Anayeufuata hufuta leo alichoandika jana, na kesho hukirudisha.

Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ni ushahidi mzuri. Mtunzi huyo alifungwa tangu 1969 hata 1972 kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi? Mashairi aliyaandika gerezani kwa siri, juu ya karatasi za chooni. Diwani ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Aandikaye kwa kujificha hana anasa ya kuandika nakala ya kumi. Hata hivyo arudhi imezingatiwa, na Kimvita kimetumiwa bila kutahayari.

Asije mtu akadhani kwamba ulegevu unatetewa hapa. Abdilatif alilelewa kati ya washairi, na sikio lake lilikuwa limekwisha kufunzwa kabla ya mlango wa gereza kufungwa. Funzo lililopo ni kwamba umakini una mahali pake: katika mazoezi ya miaka mingi, na katika mshororo unaotungwa wakati huo. Ukihamishwa ukawa sababu ya kutomaliza, si umakini tena; ni hofu iliyovaa joho la umakini.

Jadi ina jambo jingine la kufunza. Watunzi wa tenzi za kale aghalabu walihitimisha kwa kutaja majina yao, tarehe au idadi ya beti, kisha wakaomba radhi kwa makosa na kuwataka wajuzi wasahihishe. Baadhi ya wahakiki wameziona beti hizo kuwa unyenyekevu wa desturi tu. Lakini zina kazi. Kwa beti hizo mtunzi hukiri kwamba ukamilifu ni wa Mungu, huikabidhi kazi yake kwa wasomaji, na kuweka kalamu chini. Kosa asiloliona amekwisha kuliombea radhi. Hana haja ya kulikesha.

Ombi hilo lina upande wa pili, nao unawahusu wahakiki. Mjuzi ameombwa asahihishe, hakuombwa aaibishe. Uhakiki unaokipokea kitabu cha kwanza cha mwandishi kwa kuorodhesha madoa yake, bila kupima fani na maudhui kwa ujumla, humfunza mwandishi huyo kukificha cha pili. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa tumbo linaloumia ni la fasihi nzima. Yafaa basi mhakiki apime kwanza kile ambacho kazi imefanikiwa kukitenda, ndipo ataje palipopungua, ili mtunzi apate nguvu ya kuandika nyingine iliyo bora zaidi.