Hongera, Muuguzi wa Huduma ya Mkoba

Hongera, muuguzi wa zahanati unayebeba kisanduku cha chanjo kwenda kitongoji kisicho na kituo cha afya. Kwa macho yangu, huduma ya mkoba ni miongoni mwa kazi ngumu kuliko zote katika afya ya Tanzania, na haisifiwi vya kutosha.

Mizani inatundikwa kwenye ofisi ya kijiji, watoto wanapimwa, kadi zinajazwa. Ustadi wenyewe, hata hivyo, umo kisandukuni. Chanjo hukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8; joto likizidi huharibika, na baadhi yake zikiganda hazifai tena. Ya surua na rubela ikishachanganywa haivuki saa 6. Sasa amekuja mama mmoja tu, mwanawe katimiza miezi 9, na chupa ina dozi 10. Muuguzi mwema anaifungua. Anajua nyingine zitamwagwa. Anajua pia kwamba mama akirudishwa, huenda asionekane tena. Uamuzi huo naupigia makofi.

Hafanyi kazi peke yake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye anayejua nani kajifungulia nyumbani, na nani amekohoa wiki mbili bila kupimwa kifua kikuu.

Basi posho zao zilipwe kwa wakati, na kila zahanati ipate muuguzi wa pili, kwa sababu aliye peke yake akienda kitongojini, mjamzito mwenye uchungu hukuta mlango umefungwa.